Kiwavi Juu ya N

Piedra Sola, Texas
Novemba 9, 2019

Kwa dada yangu Refugio, yaani Cuca wangu,

Pokea salamu nyingi, nyingi kuliko mikunjo ya shingo yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Fresno, nyonga imetulia, presha imeshuka, na yule kasuku wako bado anamtukana padri anapokuja kukukomunisha. Mimi sijambo. Goti la kushoto limegoma, meno ya juu ni ya kununua, lakini vilivyobaki viko mahali pake na vinafanya kazi, hata vile ambavyo havina kazi tena tangu Machi.

Kabla hujavaa miwani ya pili, ngoja nikuambie: hapana, hakuna kuku aliyetembea juu ya karatasi hii. Huu ni mwandiko wangu. Nimeandika siku saba, mezani jikoni, kwa penseli, na nimemaliza kifutio kizima. Kwa hiyo soma polepole, na usicheke mpaka nikuambie mahali pa kucheka.

Najua unajiuliza: Tello alikuwa na mwandiko mzuri miaka yote hii, leo umepatwa na nini? Dada, ule mwandiko ulikuwa wa mke wangu Tencha. Barua zote, miaka arobaini na nane. Mimi nilikuwa nakaa na kahawa yangu namwambia, "Mwandikie Cuca niko mzima na mvua hakuna," na yeye anaandika kurasa tatu. Yale maneno uliyoniambia yalikuliza, ya Mama na harufu ya sabuni mikononi mwake, ni ya Tencha yale. Mimi nilisema tu, "Mwambie namkumbuka Mama." Alipofariki Machi ukasema unangoja barua yangu, nikamtuma binti yangu Marisela akudanganye kwamba nina mtoto wa jicho. Macho haya yanaona viroboto kwenye mbwa wa jirani! Nilikuwa sijui kusoma, dada. Wala kuandika. Nilijua kulichora jina langu, nikiliiga kutoka kwenye leseni ya gari, kama mtu anavyochora ng'ombe. Basi.

Sasa utauliza nimejulia wapi uzeeni. Nimejulia darasa la kwanza, kiti cha tatu kutoka dirishani, magoti yakiwa usawa wa masikio.

Unaikumbuka shule yetu. Waliibomoa, wakajenga nyingine palepale, mlingoti wa bendera tu ndio hawakuugusa. Shule hiyo sasa inafundisha kila kitu kwa Kihispania. Hesabu kwa Kihispania, sayansi kwa Kihispania, hata ruhusa ya kwenda chooni unaomba kwa Kihispania, usipoweza utajikojolea kwa Kiingereza. Na unajua nani wanagombania nafasi? Wazungu, dada. Wazungu wenyewe! Wanachezesha bahati nasibu. Mama mmoja alilia pale wanapoegesha magari kwa sababu mwanawe amekosa nafasi ya kujifunza lugha ambayo wewe na mimi tulichapwa kwa kuisema. Marisela aliponisimulia nilicheka mpaka meno yakaangukia kwenye supu.

Mjukuu wangu Ximena yuko hapo, darasa la kwanza, kwa mwalimu Yadira. Huyo Yadira ni binti wa miaka ishirini na saba, mwembamba kama penseli, sauti ya kamanda. Mwezi wa nane alitafuta wazee waje darasani mara tatu kwa wiki wakae na watoto. Akaniambia, "Mzee Tello, wewe njoo uongee tu. Hawa wanajua maneno, hawajui maongezi." Hapo alifika penyewe. Kuongea mimi naweza hata nikiwa nimelala, muulize Tencha huko aliko.

Siku ya kwanza akanipa kitabu niwasomee. Jasho lilinitoka mahali ambapo sikujua kuna matundu ya jasho. Nikafungua, nikaona picha ya mbuzi karibu na shamba, nikaanza. Nikasimulia mbuzi aliyelewa akaingia kanisani wakati wa harusi, akala shela ya bibi harusi. Watoto walicheka hadi wawili wakagaragara chini. Mwalimu alikuwa pembeni na shughuli zake. Nikajiona mjanja.

Kumbe kulikuwa na Tatum. Ni katoto ka kizungu, miaka sita, madoadoa usoni kama yai la kwale, meno mawili ya mbele hayapo, kwa hiyo tulikuwa tunalingana. Wenzake walipotoka kwenda kucheza akabaki, mikono kiunoni, akaniambia kwa Kihispania chake cha kuchechemea kwamba kitabu hicho kinahusu mbegu. Hakuna harusi. Mbuzi amepita tu. Nikamwambia amesoma vibaya. Akaweka kidole kwenye mstari, akasema, "Basi soma hapa." Nikamwambia nimesahau miwani. Akasema, "Umeivaa."

Dada, nimejenga kuta za nusu ya mji huu. Nimewahi kuangukiwa na boriti na sikupiga kelele. Lakini mbele ya yule mtoto nilitaka sakafu inimeze. Akanitazama, kisha akashusha sauti, akaniambia nisiogope, eti hata yeye mwezi wa tano alikuwa hajui. Tukawekeana mkataba: yeye anifundishe herufi, mimi nimfundishe kutetemesha ulimi. Maana mbwa wake, maskini, alikuwa anamwita "pero," yaani "lakini," badala ya "perro." "Nyumbani nina lakini mkubwa mweusi," anasema. "Lakini wangu anauma."

Mwalimu Yadira alitugundua baada ya wiki. Hakunicheka wala hakunionea huruma, na hilo la pili ndilo nililomshukuru zaidi. Alinipa tu daftari lenye mistari mipana na kuandika jina langu kwenye orodha ya kufuta ubao.

Mwishoni mwa Septemba akatangaza mambo ya Siku ya Marehemu. Darasa lingetandika meza kubwa kama tunavyotandika nyumbani, maua ya manjano, mkate, mishumaa, na kila mtu alete picha ya marehemu wake na kadi yenye mistari mitatu: jina lake, alichokipenda, na aliishi miaka mingapi. Sharti moja tu: kadi iandikwe kwa mkono wa mwenyewe. Si wa mama, si wa baba, si wa mashine. Wazazi wakialikwa, kila mmoja asimame asome ya kwake.

Marisela akaniambia, "Baba, niachie, nitakuandikia ya Mama kwa herufi nzuri." Nikamwambia hapana. Akasema mkono wangu unatetemeka. Nikamwambia utatetemeka ukiandika. Mwanamke huyu aliniandikia mimi maisha yangu yote. Aliandika barua zangu, alijaza fomu zangu, hospitalini alinisomea dawa zangu huku dripu ikiwa mkononi mwake mwenyewe. Nishindwe kumwandikia mistari mitatu? Nilisema nitaandika hata kama nitashika penseli kwa meno, na haya ya kununua yasipoweza nitaazima ya Tatum.

Nikajikaza, dada. Asubuhi niliandika kwenye unga mezani kabla ya kukanda chapati za mahindi. Mchana niliandika kwenye mifuko ya karatasi. Vidole vyangu vimezoea matofali, penseli ilikuwa inavunjika kama njiti. Tatum alikuwa ananisahihisha kwa kalamu nyekundu na hana huruma hata chembe. "B yako ina mimba kwa nyuma, Mzee Tello." "Hiyo si S, ni mjusi." Ximena akawa ananionea aibu wiki mbili, halafu akaanza kunitetea, "Muacheni babu yangu, yeye ana mikono ya zamani!"

Sasa hapa ndipo pa kucheka. Wiki moja kabla ya sherehe Tatum alinionyesha kadi ya babu yake, akasoma kwa fahari kwamba babu aliishi miaka sitini na minane. Ila juu ya n alisahau kuweka kale kamstari ka kujipinda, ambako darasani wanakaita kiwavi. Wewe na mimi tunajua tofauti. "Año" yenye kiwavi ni mwaka. "Ano" bila kiwavi ni lile tundu ambalo Mama alitukataza kulitaja mezani. Babu wa watu ameishi akiwa na matundu sitini na manane! Nilicheka siku tatu. Kila nikimwona Tatum nilimpa pole ya babu yake, namuuliza alikuwa anakaaje kwenye kiti. Alinuna. Akaniambia, "Ngoja."

Ijumaa tarehe mosi wazazi walijaa. Wazungu kwa Wamexiko, mkuu wa shule, padri, na mjane wa Barrientos na kofia yake ya maziko. Meza ilipendeza. Picha ya Tencha niliweka ile ya mashindano ya domino, kombe mkononi, mimi nyuma yake nimenuna. Zamu yangu ikafika. Nikasimama na kadi yangu, nikasoma, herufi kwa herufi, bila kubuni mbuzi yeyote. Hortensia Peña. Alipenda kahawa chungu na kunishinda domino. Aliishi miaka sabini.

Nilisoma vizuri! Watu wakapiga makofi, Marisela akalia. Nikaiweka kadi mezani, nikarudi kwenye kiti changu kidogo nikiwa mfalme. Halafu watu wakaanza kupita kuangalia meza. Nikaona mwalimu Yadira amekuwa mwekundu kama pilipili. Padri amegeukia dirishani, mabega yanatikisika. Mjane wa Barrientos akafanya ishara ya msalaba. Ndipo Tatum akasimama katikati ya darasa na kalamu yake nyekundu, akapaza sauti kwa Kihispania safi kuliko siku zote, "Mzee Tello! Mke wako alikuwa na matundu sabini!"

Nilicheka, dada. Haki ya Mungu Tencha mwenyewe angecheka hadi kahawa impalie. Nikamwambia Tatum aniwekee kiwavi. Akaweka, kinene, chekundu. Kisha akasogeza kalamu juu, kwenye jina, akauliza, "Na hapa? Hapa pia hakuna."

Nikamwambia hapo hapana shida, hilo jina nimelinakili kutoka kwenye leseni ya serikali. Mwalimu Yadira akainama akatazama. Akaniuliza taratibu, "Mzee, jina lenu ni Peña au Pena?" Akanieleza kama anavyowaeleza watoto: lenye kiwavi ni jabali. Lisilo na kiwavi ni huzuni, na aibu pia. "Lenu ni lipi?" Watu wote wananitazama. Nimeitwa Peña mdomoni miaka sabini na miwili, na kwenye karatasi zote nimekuwa Pena. Leseni, cheti cha ndoa, na jiwe la kaburi la mke wangu, ambalo watu wa mazishi waliandika kwa kuangalia kitambulisho. Tencha alijua, bila shaka, na hakuniambia, maana angeniambia angenikumbusha kwamba sijui kusoma.

Jumamosi, mchana kweupe, nikachukua tindo na nyundo ndogo nikaenda makaburini. Mlinzi akaniuliza naharibu nini. Nikamwambia siharibu, nasahihisha kazi ya mwanafunzi. Nimechonga kiwavi juu ya n ya Tencha, kimepinda vizuri, mvua ya miaka mia haitakifuta. Jumanne nikaenda ofisi ya leseni. Binti wa pale akasema kompyuta yake haina kitu kama hicho. Nikamwambia aitafutie, mimi sina haraka, nitarudi kila Jumanne mpaka kipatikane au nife, na nikifa nitamtuma Marisela.

Sasa, Cuca, vua miwani uifute, halafu uivae tena. Yote niliyoandika mpaka hapa ni kuzungukazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala.

Nilipotoka makaburini sikwenda kula. Nilikwenda kwenye banda la kuku, nikatoa tofali moja ambalo sikulitilia saruji, nikatoa boksi la sigara lililopakwa rangi nyeusi. Unalijua boksi hilo. Ulichapwa kwa ajili yake.

Mwaka ule mimi nilikuwa na miaka saba na wewe kumi na mmoja. Mwalimu wetu Bibi Crenshaw alitupanga chini ya mlingoti, watoto thelathini na mmoja, akasema leo tunazika Kihispania. Kila mmoja aandike neno moja la Kihispania kwenye karatasi, nyuma aandike jina lake, atie kwenye jeneza, yaani boksi hilo, na kuanzia hapo atakayelisema amefukua maiti. Mimi sikujua hata kushika penseli. Nikakupa karatasi yangu na kukunong'oneza uandike kwamba Bibi Crenshaw ana matako makubwa, kwa lugha yetu linatosha neno moja. Ukaandika kwenye yangu, ukaandika na kwenye yako, ukazikunja zote. Ukaniambia, "Tayari."

Wiki ile mtoto mmoja akasema Bibi atalifukua boksi asome moja moja. Nikaogopa. Neno lilikuwa langu, lakini mwandiko ulikuwa wako. Jumapili nikasema naumwa tumbo, nyinyi mkaenda misa, mimi nikaenda shuleni na kijiko cha Mama. Nilidhani nakuokoa. Jumatatu Bibi akaona shimo. Akauliza nani. Hakuna aliyejibu, akakuchagua wewe kwa sababu ulikuwa mkubwa na ulimtazama usoni. Vibao kumi na viwili. Nilikuwa mstari wa mbele, nilivihesabu. Kucha zangu zilikuwa na udongo. Nikatia mikono mfukoni.

Hukurudi shule. Wewe uliyewafundisha vitoto vya jirani kusoma kwa mkaa ukutani, uliyesema utakuwa mwalimu, ukaenda kuchuma pamba na Mama. Na kila Krismasi tukikutana unasimulia kwa kicheko yule mbwa mwendawazimu aliyefukua jeneza la Bibi Crenshaw. Mbwa ni mimi, Cuca. Miaka sitini na mitano nimecheka na wewe mezani, na mbwa ni mimi.

Nilijiambia kama Cuca hasomi, na mimi sisomi. Nikajiona najiadhibu. Sasa naona ulikuwa woga umevaa suti. Boksi limehama nami nyumba nne. Sikumwonyesha Tencha, kwa sababu yeye angelisoma, na mimi ningelazimika kusema.

Jumamosi nililifungua, nikakaa kwenye ndoo kati ya kuku, nikazisoma zote, kuanzia adhuhuri mpaka kuku wakaanza kudai chakula cha jioni. Mkate. Bibi. Mvua. Mbwa, lenye r zote mbili. Chuy Barrientos aliandika kwaheri. Niliacha zetu za mwisho, na niligeuza nyuma kwanza nione majina. Nikafungua ile yenye jina langu, nikiwa tayari kwa matako.

Haikuwa na matako. Ilikuwa na neno "Peña." Na juu ya n umeweka kiwavi kirefu kutoka ukingo hadi ukingo, umebonyeza penseli mpaka karatasi imetoboka. Kisha nikafungua yenye jina lako. Matako ya Bibi Crenshaw yalikuwa kwako, dada, yote mawili, kwa mwandiko mzuri.

Sijui kama unakumbuka. Nadhani ndiyo ule mwaka Bibi alitung'oa kiwavi kwenye orodha ya shule, na wewe ulijua kusoma ukaona. Mimi uliniachia jina, uchafu ukauchukua wewe. Na bado nikasimama pale mikono mfukoni.

Siombi uniambie ni mambo ya utoto. Ukiniambia hivyo nitakasirika. Mwalimu Yadira nimemwambia habari za boksi, anataka mwakani liwe katikati ya meza ya marehemu, watoto wayasome yale maneno kwa sauti palepale chini ya mlingoti. Nimemwambia boksi lina mwenyewe na mwenyewe alishalilipia, nitamuuliza. Ndiyo nakuuliza. Ukisema nilichome, nitalichoma. Ukisema ndiyo, basi uje wewe mwenyewe uwasomeshe. Darasa lina ubao, lina viti vidogo vya kukudhalilisha nyonga, na halijawahi kuwa na mwalimu wa miaka sabini na saba. Marisela atakuja kukuchukua, kasuku aje pia, Kihispania chake kitawafaa.

Karatasi yako nimeitia humu ndani. Ni yako. Yangu nimebaki nayo.

Wasalimie wanao na wajukuu, msalimie padri anayevumilia matusi, na ujikande nyonga kwa ule mchanganyiko wa Tencha, usinywe. Barua hii Tatum ameikagua mpaka pale kwenye ofisi ya leseni na kalamu yake nyekundu. Kuanzia hapo nimeandika peke yangu, sikumwonyesha mtu. Makosa ya huko yote ni yangu.

Mdogo wako,

Eleuterio Peña